Ndege Hewa

Saa kumi na mbili kasorobo, Kunduchi, mabwawa ya chumvi.
Wageni watatu nimewapanga nyuma yangu kama vifaranga vya bata:
simu mfukoni, manukato msirudie tena,
na mwenye kikohozi akohoe sasa.

Huyu ni kitwitwi. Huyu naye kitwitwi, ila mwingine.
Yule mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya magunia
ni sururu; katoka mbali kuliko sisi sote
na hakuna aliyemwomba pasi.
Nesi Federika, katoka zamu ya usiku Mwananyamala,
anasinzia wima, uzito wote mguu mmoja.
Sururu naye vivyo hivyo.
Sikuwaamsha.

Bwana Kilongola ana daftari lenye mistari myekundu.
Mkaguzi wa hesabu, mstaafu. Miaka thelathini na miwili
halmashauri hadi halmashauri
akiwafuta wafanyakazi hewa:
walimu waliozikwa na bado wanapokea mshahara,
madereva wa magari yasiyo na magurudumu.
"Kitwitwi wangapi?"
"Kama hamsini."
"Kama si namba, binti."
Tukarudia. Arobaini na saba.

Saa mbili tupo bondeni kwa Chuo, mabwawa ya maji machafu.
Nassoro anabana pua kwa mkono mmoja,
darubini ya kuazima kwa mwingine, halafu pua anaisahau.
Maana hapa, juu ya yote yaliyovutiwa mnyororo mabwenini,
mnandi anaanika koti lake,
mdiria anapita, bluu ya sare ambayo haijafuliwa bado,
na yangeyange, weupe wa Idi,
hawajui wamesimama juu ya nini.
Au wanajua.
"Hawa nani anawalipa?" mkaguzi akauliza,
akacheka peke yake.

Pugu. Jua limeshakuwa kali
na msitu umebaki kipande, pembe zimeliwa na mkaa.
Juu yetu ndege ya Mwanza inapaa.
Lugha imewapa jina moja,
kelele zote ikampa wa chuma.
Tukangoja ipite.
Halafu, ndani ya kichaka, filimbi ndogo, mara tatu,
kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango usio wake.

Kurumbiza wa msituni. Mwaka wa sita huu ninakuja;
nimemwona mara mbili, moja ni mkia tu.
Tukachuchumaa dakika arobaini.
Siafu wakatukagua.
Nassoro akaapa ameona jani likianguka kwenda juu.
Hakutoka.

Nilishawishika, nisiwafiche. Wamelipa nauli, chai, mihogo,
na jina ni mstari mmoja tu.
"Tumwandike," nikasema. "Sauti ni yake."
Bwana Kilongola akafunika kalamu.
"Jina lipo, sauti ipo, mwenyewe hayupo.
Hewa hiyo, Sikudhani."

Nikakunja mkeka.

Gongo la Mboto, kwenye foleni: kunguru
juu ya nguzo, juu ya jalala, juu ya bati la bucha.
"Hawa mbona hawamo?"
"Kunguru hatuwahesabu, mzee. Ni wa kuja,
wanakula makinda ya wenzao,
waliwahi kutegewa sumu na watu wakashangilia."
"Sijauliza tabia. Wapo kazini au hawapo?"
Akashusha kioo. Akafunua kalamu.
Kufika Tazara, mia moja tisini na wanane,
Nassoro akishika upande wa kushoto,
dereva akitukanwa kwa honi kwa kwenda taratibu.

Usiku naandika ripoti. Aina thelathini na saba,
na kunguru.
Saa tano simu ikatikisika: sauti, sekunde nne, kutoka wodini.
Federika anapiga mluzi mara tatu,
wa tatu anaukosea,
na nyuma yake mgonjwa fulani anauliza, "Nani huyo?"

Nimeusikiliza mpaka chaji ikaisha.
Jedwali halina safu ya kuuweka.